Mchukuzi chini ya Singida: uchambuzi wa katuni ya dinosauri iliyokwama ukurasa wa tisa

Katuni hii ina kurasa 32. Ilipofika mezani kwangu ilikuwa imechorwa yote kwa penseli, na shujaa wake ni msichana anayebeba mizigo ya watu katika soko la Majengo, Dodoma mjini. Wameitengeneza ndugu wawili wa tumbo moja: dada anachora, mdogo wake wa kiume anaandika hati. Waliniletea niihariri kwa sababu kila aliyepewa fotokopi, wengi wao wanafunzi wa sekondari, aliisifia michoro kisha akaishia ukurasa wa tisa au wa kumi. Hakuna aliyesema ni mbaya. Waliifunga tu wakaendelea na mambo yao, na kwa mtunga hadithi hiyo ni habari nzito kuliko tusi.

Nakichambua kisa chao kwa ridhaa yao, tena kwa kirefu, kwa sababu naamini kilichoikwamisha kazi hii kinazikwamisha hadithi nyingi za mashujaa wenye nguvu za ajabu tunazotunga sasa kwa Kiswahili. Shujaa anapewa nguvu kutoka upande huu, dunia ya ajabu inaletwa kutoka upande ule, na viwili hivyo havijuani.

Hadithi ilivyokuwa

Mchukuzi, hilo ndilo jina lake la ushujaa, anapigwa na radi akiwa na gunia la uwele kichwani. Anapozinduka ana nguvu ya kunyanyua kitu chochote. Kurasa mbili mbele, Mlima wa Simba unapasuka, naye na mdogo wake mwenye umri wa miaka minane wanatumbukia katika ufa hadi kwenye dunia iliyosahaulika chini ya mji: msitu mnene, mito, nyasi za kufika kifuani, na madinosauri. Ukurasa wa sita Tyrannosaurus anawarukia. Mchukuzi anamdaka mkia, anamzungusha, anamtupa. Ukurasa wa saba wanakuja wale wadogo wenye kucha kama mundu, anawaporomoshea jiwe. Ukurasa wa nane anavamiwa na Triceratops. Anamnyanyua kwa pembe zake. Ukurasa wa tisa anatokea dalali mwovu mwenye bunduki na makreti ya kubebea mayai, na hapo msomaji hana haja ya kuambiwa kitakachofuata. Ameshakiona mara tatu.

Michoro yenyewe ni ya kukuzuia kupumua. Katika fremu ya kwanza ya sokoni unaona mshipa wa shingo ya msichana ulivyotuna chini ya gunia, katambuga za miguuni zilizolika upande wa ndani tu kwa sababu ndivyo mguu unavyokanyaga ukibeba mzigo mzito, na yule mdogo wake akiwa na fulana ya mtumba yenye picha ya Tyrannosaurus iliyobanduka nusu. Mchoraji aliyeviona hivyo anajua kubeba ni nini. Ndiyo maana iliniuma kuona kwamba kuanzia ukurasa wa tano kubeba kumesahauliwa kabisa. Kuna ngumi na kutupa tu.

Nguvu isiyo na gharama

Wasomaji wa katuni za Kimarekani wanaijua Savage Land ya Marvel, bonde lenye joto lililofichwa katikati ya barafu ya Antaktika. Liliingia katika X-Men toleo la 10, mwaka 1965, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Ndugu hawa wawili walikuwa wameisoma na kuipenda. Walichochukua humo ni madinosauri. Walichokiacha ni Ka-Zar, mwenyeji wa bonde lile, anayetembea na Zabu, paka mkubwa mwenye meno marefu ya kushuka chini ya kidevu. Wale vijana wa X-Men wenye nguvu za ajabu wanaingia kwake wakiwa wageni, na yeye asiyetoa miale machoni wala kuota mabawa mgongoni ndiye anayeijua njia.

Hiyo ndiyo kazi ya dunia iliyosahaulika katika hadithi ya shujaa. Ni mahali ambapo nguvu zake ama hazitoshi, ama hazifai, ama zina bei ambayo mjini hakuwa akiilipa. Akishuka huko akabaki vilevile alivyokuwa sokoni, hapakuwa na sababu ya kumshusha. Dinosauri naye anageuka pambo. Unaweza kumtoa ukaweka lori bovu na hadithi isibadilike hata neno.

Nilimwambia mwandishi hivyo. Akanijibu kwa heshima lakini bila kurudi nyuma: "Mwalimu, watoto wanamtaka Tyrannosaurus. Wakikosa kumwona hawanunui." Hoja yake si ndogo, na nitairudia.

Graniti na bomba la Mahenge

Tulianza na mahali. Dodoma imekaa juu ya mawe ya kale mno. Majabali ya graniti unayoyaona ukizunguka mji huu ni sehemu ya kiini kikongwe cha bara letu, miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Madinosauri wa kwanza walitokea miaka milioni mia mbili na kitu iliyopita. Graniti hutokana na uji wa moto uliopoa chini ya ardhi. Haina mifupa ya mnyama yeyote. Mlima wa Simba ukipasuka leo, ndani yake kuna jiwe tu.

"Lakini si hadithi tu, mwalimu?" aliuliza mwandishi. Ni hadithi, ndiyo, na kwa hadithi za namna hii nina kanuni moja ninayoishikilia: mtunzi ana ruhusa ya uongo mmoja mkubwa, na akishautumia, vingine vyote viutii. Uongo wao wa kwanza (dunia nzima chini ya mji) haukuwa na mizizi yoyote katika ardhi ya hapa. Katikati ya Tanzania kuna mizizi bora zaidi.

Mkoani Singida kuna mahali panapoitwa Mahenge, si ile Mahenge ya Ulanga huko Morogoro. Yapata miaka milioni 46 iliyopita bomba la kimbaliti, mwamba wa jamii ileile inayotoa almasi kule Mwadui, lilipasua graniti na kutoka juu kwa mlipuko. Shimo lililobaki likajaa maji likawa ziwa. Tope laini likatuama chini, tabaka juu ya tabaka, likawafunika samaki, vyura na hata popo, na visukuku vyao vimetolewa humo vikiwa vimehifadhika vizuri ajabu. Samaki mmoja wanasayansi wamempa jina la Singida. Popo anaitwa Tanzanycteris. Na kimbaliti haianzii karibu: inapanda kutoka kina cha zaidi ya kilomita 150, ikija na vipande vya miamba iliyoipitia njiani.

Nilipofika hapo mchoraji aliweka penseli chini. "Yaani bomba lenyewe ni mchukuzi," alisema.

Tangu siku hiyo hadithi ikawa yao upya. Uongo wao mmoja ukawa huu: bomba la Mahenge ni ngazi, na kila unaposhuka unaingia enzi ya zamani zaidi ya nchi hii. Ghorofa ya juu ni ziwa lenyewe, miaka milioni 46, ambako hakuna dinosauri hata mmoja, kwa kuwa walikwishatoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kuna popo na samaki tu, na msomaji anayesubiri mnyama mkubwa anazidi kusubiri. Chini yake ni bonde la Rukwa, takribani miaka milioni 100, makao ya Mnyamawamtuka, dinosauri wa shingo ndefu aliyetangazwa mwaka 2019, ambaye pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Chini zaidi ni Tendaguru ya Lindi, miaka milioni 150. Na chini kabisa ni bonde la Ruhuhu, miaka milioni 240 na zaidi, enzi ya Nyasasaurus, ambaye huenda ndiye dinosauri wa zamani kuliko wote waliopata kugunduliwa, na jamaa yao wa karibu Asilisaurus kongwe. Mwanajiolojia atasema miamba ya Rukwa, Lindi na Ruhuhu haiko chini ya Singida. Yuko sahihi. Huo ndio uongo tulioulipia.

Mpangilio huu una faida ambayo hatukuipanga. Ukishuka ngazi hii, wanyama wanakua hadi Tendaguru, kisha wanapungua. Asilisaurus alikuwa mwepesi, wa kimo cha mbwa. Hadithi nyingi za namna hii huweka jitu kubwa kuliko yote mwishoni. Hapa mwishoni anasubiri mnyama ambaye mtoto wa miaka minane anaweza kumtazama machoni.

Ghorofa ya Tendaguru

Kurasa kumi na nne kati ya 32 sasa ziko ghorofa hii, na nadhani wamefanya vema kuzirundika hapa.

Kitu cha kwanza kufutwa kilikuwa nyasi. Mchoraji alikuwa amezichora kila mahali, tena kwa ustadi, pamoja na mibuyu miwili aliyoipenda sana. Miaka milioni 150 iliyopita nyasi hazikuwapo, na mbuyu ni mti wa maua, nao ulikuwa bado mbali. Mibuyu ikahamishiwa juu, kwenye kurasa za barabara ya kwenda Singida. Huku chini kukabaki miti ya jamii ya misonobari, kangaga, mchanga na matope. Na bahari. Tendaguru ya wakati ule ilikuwa ufukweni, mahali pa vidimbwi vya maji ya chumvi na mawimbi yanayopwa na kujaa. Mchukuzi, aliyekulia katika ukame wa Dodoma na kuzoea kupanga foleni ya ndoo, anashuka ngazi na kukuta maji yasiyo na mwisho. Mdogo wake anakimbia kunywa, anatema. Ni chumvi. Fremu nne, hakuna neno hata moja, na kuanzia hapo hadithi ina kiu ya kweli ndani yake.

Maji matamu ni dimbwi moja nyuma ya miti, na wenyewe wapo. Wapo Giraffatitan, wale warefu. Kiunzi chake kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937 kina kimo cha mita 13.27. Mchoraji alihangaika kumwingiza katika ukurasa bila kumfanya aonekane twiga wa kawaida, mwisho akafanya jambo ambalo nitalikumbuka: aliulaza ukurasa. Msomaji analazimika kukigeuza kijitabu ubavu, shingo inapanda kupita kurasa mbili zilizoungana, na chini kabisa, kwenye pembe, wapo watoto wawili wadogo kama punje. Wapo pia Kentrosaurus, wa urefu wa mita nne na nusu hivi, wenye sahani za mfupa shingoni na mgongo wa mbele, kisha miiba inayorefuka kuelekea mkiani. Dysalotosaurus wadogo wanakuja kwa makundi. Elaphrosaurus, mwembamba na mwenye mbio, anakata kona ya fremu na kutoweka.

Na mla nyama mkubwa? Hapa ndipo hoja ya mwandishi kuhusu Tyrannosaurus ilipopata jibu lake. Tyrannosaurus aliishi Amerika ya Kaskazini, na alikuja zaidi ya miaka milioni 80 baada ya hawa wa Lindi. Hakuwaona, hawakumwona. Tendaguru ilikuwa na wala nyama wake wakubwa, lakini wanajulikana kwa meno na mifupa michache tu. Kiunzi kamili cha mmojawao hakijapatikana. Mwandishi aliona huo ni upungufu. Mimi niliona ni zawadi. Nikamwambia: basi usimwonyeshe.

Katika toleo la sasa mnyama huyo haonekani mzima hata mara moja. Ukurasa wa 15 kuna jino ndani ya mfupa wa paja, limevunjikia humo, na ukingo wake una vijimeno kama vya msumeno. Ukurasa wa 16 kuna unyayo unaojaa maji taratibu, maana yake aliyeukanyaga hajafika mbali. Ukurasa wa 18 Dysalotosaurus wote wameinua vichwa kuelekea upande mmoja, nje ya fremu. Mtoto wa fulana ya Tyrannosaurus ndiye anayemsubiri kwa hamu yule aliyemzoea kifuani mwake, na ndiye anayeacha kumtaka kabla ya mtu mwingine yeyote. Waliposomeshwa wanafunzi walewale kurasa hizi, ubishi uliozuka ni wa mnyama huyo anafananaje. Walimchora wenyewe nyuma ya fotokopi.

Ngata

Sasa nguvu. Radi niliomba iondolewe, na hawakubisha, kwa kuwa radi ingeweza kumpiga mtu yeyote popote. Nguvu ya Mchukuzi ilipaswa kutoka katika kazi yake. Mchoraji ndiye aliyeleta ngata. Bibi yake msichana ameisokota kwa vipande vya khanga kuukuu, na akiiweka kichwani anaweza kubeba mzigo wowote. Bila ngata ni msichana wa sokoni mwenye shingo imara, basi. Na kila anapobeba kilichozidi uwezo wa binadamu, uzi mmoja wa khanga unakatika.

Namna alivyolichora jambo hili inafaa kuangaliwa kwa karibu. Chini ya kila ukurasa, pembeni mwa namba, kuna ngata ndogo. Mwanzoni ni nene, imefungwa vizuri, hata ua la khanga linaonekana. Ukurasa wa 12 imelegea. Ukurasa wa 20 ni pete nyembamba. Hakuna anayeitaja ndani ya hadithi, lakini nimewaona wasomaji wakifunua ukurasa na kuangalia kwanza pale chini.

Dunia ile nayo ilihitaji sheria yake, na hiyo ilitoka kwa bibi wa hawa ndugu, aliyezaliwa na kukulia Bahi. Tulimkuta akipepeta uwele. Shikamoo zikapokewa, tukaketi. Alisimulia alichosikia kwa wakubwa wake kuhusu misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, ilivyovuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo ikiwa hoi kwa kiu, na watemi walivyotoza hongo, ile ya njia na maji, kabla msafara haujateka hata kibuyu. Bunduki zilikuwa nyingi misafarani, lakini maji yalikuwa ya wenyeji. "Maji ya watu huombwa, wajukuu zangu," alisema. "Ukiingia kisimani kwa mtu bila kuomba, hata uwe na nguvu za tembo, umekosa."

Kwa hiyo Mchukuzi analipa hongo kwa madinosauri. Jambo hili likisemwa hivi linaweza kuonekana geni, lakini kurasa zenyewe ni rahisi kufuata. Mdogo wake, ambaye katika hati ya kwanza alikuwa mtu wa kuokolewa tu, anakaa juu ya jiwe na kutazama nani anakunywa kwanza na nani anangoja. Anagundua kwamba gogo lililoanguka limeziba kijito, dimbwi linapungua, na Kentrosaurus wanasukumana kwa sababu hiyo. Anamwambia dada yake. Mchukuzi anaweka ngata, anaingia kati ya miiba ile akiwa ameinamisha macho, anabeba gogo, analitua pembeni. Uzi unakatika. Maji yanashuka. Giraffatitan mmoja anashusha shingo hadi usawa wake, anamnusa, kisha anarudisha kichwa juu. Wanakunywa. Katika hati ya kwanza fremu kama hizi zingekuwa vita ya kurasa tatu.

Milio nayo ilibadilika, na nitaipitia haraka. Ile ya mabomu na miungurumo iliyonakiliwa kutoka katuni za Kimarekani iliondoka. Jiwe majini sasa ni chubwi, tawi ni kacha, kundi likipenya vichakani ni parakacha parakacha, na mguu wa Giraffatitan ni tii moja iliyoandikwa kwa herufi kubwa zenye nyufa.

Mzigo mmoja

Dalali bado ni mhusika mwembamba kwa maoni yangu. Hajulikani alifikaje chini, na tamaa yake ni tamaa tu. Mwandishi anasema atamjaza katika toleo la pili. Lakini anafaa kwa jambo moja, na jambo hilo ndilo linaloibeba katuni nzima.

Mifupa ya Tendaguru ilifikaje Berlin? Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, alikutana na mifupa hiyo mikubwa. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ikaendesha uchimbaji, kwanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Mamia ya Waafrika walichimba. Na kwa kuwa hapakuwa na reli wala barabara ya kufaa, kilichochimbwa kilibebwa na watu, kichwani na mabegani, safari ya siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Jumla yake ilikuwa takribani tani 250. Haya yalifanyika chini ya serikali ya kikoloni, miaka michache tu baada ya vita vya Majimaji kuiacha nchi ya kusini na njaa. Aliyesimamia wachimbaji ni Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosauri mmoja alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Wengi wa waliobeba hawana jina popote. Suala la mifupa hiyo limewahi kujadiliwa bungeni, hapa hapa Dodoma.

Nilipowaeleza ndugu hawa habari hii, mwandishi alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza: "Kuna aliyekataa kubeba?" Swali hilo ndilo lililoandika ukurasa wa 25.

Ngata imebakiza uzi mmoja. Dalali amejaza makreti mayai na mifupa, ana winchi na kamba inayofika juu, na anatoa ofa: beba makreti haya hadi kwenye winchi, wewe na mdogo wako mnapanda nami. Ofa yenyewe si ya kijinga. Mtoto amechoka, kule nje ya fremu yupo yule mwenye meno, na kubeba ndicho kitu pekee Mchukuzi anachokiweza kuliko mtu yeyote. Mwandishi alitaka ampige dalali. Dada yake alikataa, nami nilikuwa upande wake. Katika toleo la sasa msichana anaitoa ngata kichwani, anaikunja, anaitia mfukoni. Kiputo kina maneno matatu: "Mzigo huu sibebi."

Nimesoma katuni nyingi za mashujaa, na sijaona mahali pengine ambapo kilele ni shujaa kuizuia nguvu yake kwa kuwa anajua vizuri mno inatumiwaje. Hilo limewezekana kwa sababu nguvu, mahali na historia vimetoka katika ardhi moja. Kama angebaki msichana wa radi anayewatupa Tyrannosaurus, maneno yale matatu yasingekuwa na uzito wowote, maana kutobeba kusingemgharimu kitu.

Winchi inapanda bila wao. Njia iliyobaki ni kushuka, hadi ghorofa ya Ruhuhu, na kurasa saba za mwisho ziko huko.

Kazi iliyobaki

Kurasa 25 zimekwishapigwa wino. Ndani itachapwa nyeusi na nyeupe, kwa sababu gharama ya rangi ingekipandisha kijitabu juu ya kile mwanafunzi anachoweza kutoa mfukoni; jalada pekee ndilo litakuwa na rangi, na wamekubaliana iwe nyekundu ya udongo wa Dodoma na kijani kimoja. Tyrannosaurus yupo juu ya jalada, kwenye fulana ya mtoto. Mwandishi ameridhika na hilo.

Kurasa saba za Ruhuhu bado ni penseli, na wamekwama kwa Asilisaurus. Mabaki yake ni mifupa, kwa hiyo mchoraji ana uhuru wa kumvika ngozi anayoitaka, magamba au vinyweleo vya namna ya vifaranga. Dada anataka vinyweleo ili mtoto apate kitu cha kugusa katika fremu ya pili kutoka mwisho. Mdogo wake anasema mnyama akiwa laini watoto watamwona mwanasesere. Mimi nimempigia kura dada, kwa sharti kwamba vinyweleo hivyo vionekane tangu Asilisaurus wa kwanza anapotokea ukurasa wa 26, visiletwe mwishoni kwa ajili ya fremu hiyo moja.